Vipimo vya Mjamzito Vina Muda Wake

Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015 na 2016 uliwauliza akina mama walianza kliniki mimba ikiwa na miezi mingapi. Ni asilimia 24 tu waliokuwa wamefika ndani ya miezi 3 ya kwanza. Wengine walianza mwezi wa 4, wa 5, hata wa 7, na kadi zao zilijazwa vizuri tu: uzito, presha, wingi wa damu, mkojo, kaswende, VVU. Ukiiweka kadi ya mama aliyeanza wiki ya 10 kando ya kadi ya mwenzake aliyeanza wiki ya 28, vipimo ni vilevile. Kinachotofautiana ni kile ambacho majibu yanaweza kubadili, na hilo hatujawaeleza wanawake vya kutosha. Tumekuwa tukiwaambia "wahini kliniki" kama tunavyomwambia mtoto awahi shule bila kumtajia kengele inagongwa saa ngapi.

Mahudhurio yenyewe yameongezeka. Waliofika mara 4 au zaidi walikuwa asilimia 51 katika utafiti ule, na ule wa 2022 ukaonyesha asilimia 65. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka mahudhurio 8, la kwanza kabla ya wiki ya 12 kuisha. Watu huibishania sana ile 8. Mimi naona ile 12 ndiyo yenye uzito.

Kwanza tuelewane kuhusu hesabu. Umri wa mimba huanza kuhesabiwa siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kabla hata mimba haijatunga. Kwa hiyo mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 akikosa siku zake leo, mimba yake leo tayari ina wiki 4. Akasubiri kidogo, akaenda duka la dawa kununua kipimo cha mkojo, akakaa nalo moyoni siku kadhaa kabla ya kumwambia mumewe, wiki ya 6 imefika. Na wiki ya 6 ndipo mrija unaojenga ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unapokuwa umeshajifunga, siku ya 28 hivi tangu mimba itunge. Usipojifunga upande wa juu, ubongo na fuvu haviumbiki, na mtoto haishi. Usipojifunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi maji hujaa kichwani. Wazazi waliowahi kukaa wodini na mtoto wa kichwa kikubwa na mgongo wazi, Muhimbili au Bugando, wanajua safari ya upasuaji ilivyo ndefu.

Kinga yake inajulikana tangu 1991, pale utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza ulipoonyesha kwamba asidi ya foliki, ikianza kumezwa kabla ya mimba kuingia, iliepusha karibu tatizo 3 kati ya 4 kwa wanawake waliowahi kupata mtoto wa namna hiyo. Hao walipewa miligramu 4 kwa siku. Mwanamke asiye na historia hiyo anahitaji mikrogramu 400 tu, kuanzia anapopanga kushika mimba hadi wiki ya 12. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki vina asidi ya foliki pia, ila vikianza mwezi wa 5 vinasaidia damu ya mama. Mgongo wa mtoto ulishaamuliwa zamani. Ndiyo sababu serikali zetu zikaagiza unga wa viwanda vikubwa uongezwe virutubishi hivi, maana unga humfikia mwanamke kabla hajajua kwamba ana mimba. Anayepeleka mahindi yake kwenye mashine ya kusaga ya mtaani, kama wafanyavyo wengi vijijini, mpango huo unampita pembeni. Huyo ndiye anayepaswa kutafuta vidonge mapema.

Nikiwa hapohapo, tahadhari moja. Vidonge vya foliki vya miligramu 5 vinavyouzwa madukani ni dozi kubwa, na dozi hiyo huidhoofisha SP, dawa ya kukinga malaria ambayo mjamzito huyohuyo atapewa kliniki. Usijinunulie. Muulize mhudumu.

Kipimo ambacho ningependa kila msomaji akielewe ni cha kaswende. Ni cha bei ndogo, dawa yake ni penisilini, na ushahidi wake mkubwa ulitoka Mwanza. Watafiti waliwafuatilia wajawazito wa huko wakachapisha matokeo mwaka 2002. Kwa wanawake ambao hawakuwa wamepimwa wala kutibiwa, walikadiria kwamba asilimia 51 ya watoto waliozaliwa wafu walikufa kwa sababu ya kaswende ya mama. Kati ya wanawake ambao vipimo vyao vilionyesha maambukizi makali, mmoja kati ya 4 alijifungua mtoto mfu. Kwa wasio na maambukizi, hakufika hata mmoja kati ya 100.

Nusu ya vifo hivyo, basi, vilikuwa na chanzo kimoja. Ni vifo ambavyo familia nyingi huvitafutia maelezo kwa mganga, au humtupia mama lawama kwamba alibeba ndoo nzito. Sehemu ya pili ya utafiti uleule ndiyo inayonifurahisha zaidi: wanawake waliogundulika na kuchomwa sindano moja ya benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4, walipata matokeo sawa na wanawake ambao hawakuwa na kaswende kabisa.

Mama mwenye kaswende kwa kawaida hajisikii mgonjwa. Kidonda cha mwanzo hakiumi, aghalabu kiko ndani asikokiona, na hupona chenyewe. Bakteria hubaki kwenye damu, wakapita kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Akizaliwa hai anaweza kuwa njiti, au akaonekana mzima kisha baadaye mifupa, macho, masikio na ubongo vikaathirika. Penisilini humfikia mtoto tumboni kupitia kondo hilohilo, lakini inahitaji muda. Mama akichomwa sindano ikiwa imebaki chini ya mwezi mmoja kujifungua, mtoto akizaliwa huhesabiwa kama ambaye hakutibiwa, naye huanza sindano zake.

Mambo mawili huharibu kazi hii nzuri. La kwanza ni mwenza asiyetibiwa: mama anapona, kisha anaambukizwa upya nyumbani kabla ya kujifungua. La pili ni kadi kupotea. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu huendelea kuonyesha kaswende hata miaka baada ya kupona, kwa hiyo mwanamke aliyewahi kutibiwa anapaswa kulisema hilo na kuonyesha rekodi. Asipofanya hivyo atachomwa upya kila mimba, na nyumbani ugomvi utaanza upya kila mimba.

Siku hizi tone hilohilo la damu hupima pia VVU. Hapa elimu imefika mbali, nami sitarefusha. Bila dawa, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 wa akina mama wenye VVU huambukizwa tumboni, wakati wa kujifungua au kwa kunyonya. Mama akimeza dawa sawasawa, hawafiki 5. Aliyekutwa hana maambukizi arudie kipimo karibu na kujifungua, na wakati wa kunyonyesha pia, kwa sababu maambukizi mapya katika kipindi hicho ndiyo yanayompata mtoto kwa urahisi zaidi.

Damu sasa. Kila mjamzito amewahi kuulizwa, "Damu yako iko ngapi?" Chini ya 11 ni upungufu, chini ya 7 ni hatari. Katika utafiti ule wa 2015 na 2016, zaidi ya nusu ya wajawazito waliopimwa walikuwa na upungufu. Wengi hudhani damu inatafutwa kwa ajili ya siku ya kujifungua tu, mama asije akazidiwa akivuja damu. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Madini ya chuma yanayotengeneza damu ndiyo hayohayo ambayo ubongo wa mtoto huyatumia kufunika nyuzi za neva ili taarifa zipite upesi, na kujenga sehemu zinazohusika na kumbukumbu. Mtoto huweka akiba kubwa ya chuma katika miezi 3 ya mwisho ya mimba, kisha huitumia miezi 6 anayonyonya bila kula kitu kingine, kwa kuwa maziwa ya mama yana chuma kidogo. Anayezaliwa na mama aliyekauka damu, au anayezaliwa kabla ya wakati, huanza maisha na akiba pungufu. Mkunga anayesubiri dakika moja hadi 3 kabla ya kufunga kitovu humwongezea mtoto sehemu ya akiba hiyo bila gharama yoyote.

Tatizo la vidonge vya chuma ni kwamba havina haraka. Aliyefika na damu 8 mwezi wa 8 hatakuwa na 11 wiki ijayo hata ameze vyote kwa pamoja. Aliyeanza mwezi wa 3 anao muda wa kupanda taratibu. Tuseme ukweli, vingi vinaishia kabatini. Vinachefua, vinafunga choo, vinakifanya choo kiwe cheusi na mama anaogopa. Weusi huo ni wa kawaida. Anayechefuliwa avimeze usiku baada ya chakula, na chai ikae mbali navyo saa moja au mbili, maana majani ya chai hushika chuma kikapita bila kufyonzwa. Chungwa au embe, kinyume chake, husaidia.

Kuna pia ule udongo wa kutafuna, pemba, unaopangwa kwenye sinia sokoni pamoja na karanga. Hamu ya kula udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe huzuia chuma. Watafiti waliopima udongo unaoliwa na wajawazito katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu Geita walikuta una madini ya sumu, aseniki ikiwemo. Simlaumu mama mwenye hamu hiyo. Namwomba amwambie mkunga, apimwe damu na atibiwe minyoo, badala ya kuificha kwenye pindo la kanga.

Lishe ya mama kwa ujumla huonekana kwenye mizani ya mtoto. Jijini Dar es Salaam wajawazito 8,468 wasio na VVU waliingizwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007. Wote walipewa chuma na asidi ya foliki, na nusu yao wakaongezewa vitamini nyingine. Waliozaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 walikuwa asilimia 9.4 upande usioongezewa, na 7.8 upande ulioongezewa. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uizidishe kwa watoto wote wanaozaliwa jijini kwa mwaka.

Malaria ya mjamzito ina ujanja wake. Mwaka 1996 utafiti uliotumia kondo za wanawake wa Kenya ulionyesha kwamba vimelea vya malaria huwa na njia maalumu ya kunasa kwenye kondo la nyuma. Damu inayochukuliwa kidoleni inaweza isionyeshe kitu, mama hana homa wala baridi, kumbe kondo limejaa vimelea na mtoto anapata chakula kwa shida. Mimba ya kwanza ndiyo iliyo hatarini zaidi, kwa sababu mwili haujajifunza kupigana na vimelea vya aina hiyo. Ndiyo maana SP hutolewa hata kwa asiyeumwa, kuanzia wiki ya 13, angalau dozi 3 zinazopishana mwezi mmoja mmoja. Aliyeanza kliniki mwezi wa 7 hesabu yake imebana sana.

Presha ndiyo inayowashangaza wengi. Kifafa cha mimba hujionyesha baada ya wiki ya 20, mara nyingi mwezi wa 7 au wa 8: presha inafika 140 kwa 90 au kuzidi, protini inaonekana kwenye mkojo, kichwa kinauma, macho yanaona vimulimuli. Lakini mizizi yake iko mapema zaidi, wakati mishipa inayolisha kondo inapopaswa kutanuka na isitanuke vizuri. Kwa sababu hiyo aspirini ya dozi ndogo, inayotolewa kwa wanawake walio hatarini, hufanya kazi ikianzishwa mapema. Utafiti wa Ulaya wa mwaka 2017 uliianzisha wiki ya 11 hadi ya 14 kwa wanawake waliochujwa kwa vipimo, na kifafa cha mimba kinacholazimisha kujifungua kabla ya wiki ya 37 kikashuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Kama uliwahi kupata presha ya mimba, kama unabeba mapacha, kama una kisukari au ugonjwa wa figo, liseme hilo hudhurio la kwanza kabisa. Isije ikasubiriwa mpaka miguu ivimbe.

Kalisiamu nayo husaidia pale ambapo chakula hakina ya kutosha. Kikwazo kilikuwa dozi: gramu 1.5 kwa siku ni rundo la vidonge vikubwa, tena kliniki chache zinavyo. Mwaka 2024 yalichapishwa majaribio mawili, moja la India na jingine la Dar es Salaam, kila moja likiwa na wajawazito 11,000. Miligramu 500 zilizuia kifafa cha mimba sawasawa na 1,500. Jambo hili lilistahili kelele kubwa kuliko lilizopata. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na maziwa kwa wanaoyapata, ni chanzo kizuri pia.

Kuhusu madini joto nitasema kwa kifupi. Tezi ya mama isipopata madini joto, ubongo wa mtoto hauumbiki inavyopaswa, na upungufu mkali humzaa mtoto mwenye ulemavu wa akili usiorekebishika. Miaka ya 1980 wilaya kadhaa za Tanzania ziligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009 ulidai kwamba watoto waliokuwa tumboni wakati huo walisonga mbele shuleni kuliko wenzao, wasichana hasa. Waliorudia hesabu hizo wametilia shaka ukubwa wa faida hiyo. Hakuna anayetilia shaka chumvi. Nunua yenye madini joto, ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, iweke kwenye chakula mwishoni mwa kupika.

Vipo vipimo vinavyochelewa kwa makusudi. Sukari ya mimba hutafutwa zaidi wiki ya 24 hadi ya 28, kwa mama kunywa glukosi na kupimwa damu, kwa sababu ndipo homoni za kondo zinapoanza kushindana na insulini. Kipimo cha picha ndicho ambacho wengi hukipanga vibaya. Familia hulipia ultrasaundi mwezi wa 8 ili kujua jinsia. Iliyo na faida kubwa ni ya kabla ya wiki ya 24, na kwa kujua umri wa mimba, ile ya miezi 3 ya kwanza hukosea kwa siku chache tu, wakati ya mwishoni inaweza kukosea hata wiki 3. Mkunga asiyejua umri halisi wa mimba hawezi kusema kama mtoto ni mdogo au ni njiti, wala kama tarehe imepita.

Halafu kuna vipimo vya vinasaba, ambavyo wenye uwezo mijini wameanza kuvilipia. Mwaka 1997 mtafiti Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba vinasaba vya mtoto vinapatikana kwenye damu ya mama, na leo, kuanzia wiki ya 10, damu hiyo hupimwa kutafuta hali kama Down. Hiki ni kipimo cha uchujaji, na uchujaji hausemi ndiyo wala hapana. Chukua wanawake 10,000 ambao kati yao 10 wamebeba mtoto mwenye Down. Kipimo kizuri kitawakamata karibu wote 10. Kikikosea kwa mmoja tu kati ya kila 1,000 wasio na tatizo, kitawatisha wengine 10 bure. Mbele ya daktari wataketi wanawake 20 wenye jibu lilelile, na kwa nusu yao jibu hilo si kweli. Hakuna uamuzi unaopaswa kufanywa kabla ya kipimo cha uthibitisho, kile cha maji ya chupa au cha sampuli ya kondo.

Kwetu ningeanza na kitu cha bei nafuu zaidi: wenza kujua kama wamebeba kinasaba cha selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo kila mwaka. Wote wawili wakiwa nacho, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto mgonjwa, na mtoto anayejulikana tangu kuzaliwa huanzishiwa penisilini na chanjo kabla maambukizi hayajamuua.

Sasa sababu za kuchelewa. Baadhi ni za nyumbani: mimba changa haitangazwi, watu wabaya wasije wakaisikia. Mkunga si mtu wa kutangaziwa. Ana wajibu wa kutunza siri yako. Nyingine ni zetu sisi wa afya. Tunataka mwanamume aje hudhurio la kwanza, na nia ni njema, kwani yeye pia anahitaji kupimwa kaswende na VVU. Ila mwanamke ambaye mume yuko safarini, au amemkimbia, au hakuwahi kuwepo, huambiwa kwenye baadhi ya vituo akalete barua ya serikali ya mtaa. Anaondoka, anaona aibu, anarudi baada ya miezi 2.

Dada, ukikosa siku zako na kipimo kikaonyesha mimba, nenda kliniki wiki hiyohiyo. Tumbo si lazima lionekane. Kaka, mpeleke na wewe upimwe. Nanyi wenzangu mnaopokea wajawazito mapokezi: mchukueni damu leo, barua ya mtendaji ije siku nyingine au isije kabisa.